Sinema za Simanzi na Taabu ya Kuzipata

Haiwezekani kumshitaki mtu wa pwani ya Afrika Mashariki kwamba anaogopa kulia ndani ya jumba la sinema. Katika miaka ya 1950 na iliyofuata, wakati Awaara ya Raj Kapoor na Mother India ya Mehboob Khan zilipokuwa zikijaza viti vya majumba kama Majestic la Unguja na Avalon la Dar es Salaam, wake kwa waume walikata tikiti hali wakijua kwamba watatoka na macho mekundu, na aghalabu walirudi tena kuyalilia mambo yaleyale ambayo mwisho wake walikwisha kuujua, wala hapakuwa na aliyeona haya kwa hilo. Kwa sababu hiyo, kauli ya wafanyabiashara wa filamu kwamba umma hautaki huzuni ni kauli ambayo nimeshindwa kuisadiki. Umma unaipenda sana huzuni, kwa sharti moja tu, kwamba ilipwe. Mama wa Mother India anampiga risasi mwanawe kipenzi, lakini mfereji unafunguliwa na maji yanaingia mashambani. Maskini wa Awaara anakwenda jela, lakini baba aliyemkana amekwisha kumtambua na mpenzi wake ameahidi kumngoja. Mtazamaji ametoa machozi, na bei yake amerudishiwa kabla hajafika mlangoni.

Ziko sinema za namna nyingine, ambazo hupokea machozi na hazirudishi kitu, na bado mtu akitoka humo hajioni kuwa amedhulumiwa, bali hujiona amekirimiwa. Nimejaribu mara nyingi kujieleza sababu ya ajabu hiyo, na jibu lililonikaa moyoni ni la matangani. Anayekwenda matangani hana dawa mkononi. Hukaa mkekani pamoja na wafiwa, hunyamaza, husikiliza, na mtu mwenye adabu hafanyi haraka kusema kwamba yote yatakuwa heri, maana anajua kwamba haraka hiyo ni ya kujiondoshea uzito yeye mwenyewe. Waongozaji wa sinema ninazozisema wanakaa hivyo na watu wao. Lakini bidhaa isiyorudisha bei haidumu sokoni, na kwa hivyo sinema hizi, ambazo nyingi zimetoka nchi za mbali na lugha za mbali, zilipata taabu ya kuonyeshwa zilipokuwa mpya na taabu kubwa zaidi ya kupatikana zilipozeeka.

Nianze na Bengali, kwa kuwa huko ametoka mtu ambaye, kwa maoni yangu, hakuna aliyempita katika kazi hii. Ritwik Ghatak alizaliwa Dhaka mwaka 1925, na alipokuwa kijana wa miaka 21 nchi yake ilikatwa vipande viwili, katika ule mgawanyiko wa 1947 ambao mamilioni ya watu walihama makwao pande zote mbili za mpaka mpya. Waongozaji wengine wa India walilipita jambo hilo kwa mbali, au wakaliimba. Ghatak hakuweza kulipita. Katika maisha yake yote, mpaka alipofariki mwaka 1976 akiwa amechakazwa na ulevi na maradhi, alitengeneza filamu ndefu nane tu alizozikamilisha, na katika nyingi mna mkimbizi, mto, na nyumba ambayo haitarudiwa.

Filamu yake ya 1960, Meghe Dhaka Tara, inamhusu Nita, binti wa jamaa ya wakimbizi waliojenga vibanda pembezoni mwa Calcutta. Tunapomwona mara ya kwanza anakuja kwa miguu chini ya miti, na ukanda wa kiatu chake unakatika njiani. Anakitazama, kisha anaendelea kwenda. Ana ujira wake wa mwezi, lakini hanunui viatu, kwa kuwa nyumbani kila mmoja ana haja yake na kila mmoja ana hakika kwamba haja yake ndiyo ya kwanza. Baba ni mwalimu mzee mwenye elimu ya vitabu na asiye na uwezo. Kaka mkubwa, Shankar, anajifunza uimbaji na hachumi hata senti. Mdogo wa kike anataka mapambo. Mdogo wa kiume anataka viatu vya mpira. Mama ni mtu ambaye dhiki imemfanya ahesabu kila kitu, na katika hesabu zake ameona kwamba siku Nita atakapoolewa riziki ya nyumba itakatika. Ghatak hamfanyi kuwa mbaya. Anamwonyesha jikoni, akisikiliza maneno ya binti yake na mchumba wake uani, na sauti ya chakula kinachochemka motoni inapandishwa mpaka inakuwa kama kwamba kinachochemka ni fikira za mama mwenyewe.

Jinsi alivyozitumia sauti ni jambo ambalo wanafunzi wake katika chuo cha filamu cha Pune, ambako alifundisha miaka ya 1960, walilichukua kama urithi. Nita anapogundua kwamba mchumba wake amemgeukia mdogo wake wa kike, hatusikii kilio wala ngoma za majonzi. Tunasikia mlio wa mjeledi, ambao hauna mjeledi wowote katika picha, na uso wa mwigizaji Supriya Choudhury unaupokea. Mara ya kwanza niliposikia mlio ule nilidhani nakala yangu ina ila. Baadaye, katika usiku mmoja ambao si rahisi kuusahau, Shankar na Nita wanaimba pamoja wimbo wa mshairi Tagore ndani ya chumba chenye giza, na mjeledi unarudi juu ya wimbo, na binti yule ambaye hajalalamika tangu mwanzo anaangua kilio.

Atapatwa na kifua kikuu, na atakificha ili asiwe mzigo kwa watu aliowabeba. Shankar, ambaye sasa amekuwa mwimbaji mashuhuri wa Bombay, anampeleka katika hospitali ya milimani huko Shillong, na anapokwenda kumtazama anamsimulia habari za nyumbani, jinsi mtoto wa mdogo wao anavyokua na kuchangamka. Na ndipo Nita, kwa sauti ambayo milima inairudisha kutoka pande zote, anamwambia kaka yake kwamba alitaka kuishi. Hana jingine la kudai. Kamera inazunguka vilele na mabonde kama kwamba inamtafuta wa kumjibu, na haimpati. Mtu akiniuliza ni nini alichopata mtazamaji hapo, nitamwambia kwamba amepata kumsikia Nita, ambaye nyumbani kwake alisikiwa na kila mtu alipokuwa analeta fedha na hakusikiwa na yeyote aliposema jambo lake.

Hiyo ndiyo filamu ya Ghatak iliyopata watu wengi kuliko nyingine alipokuwa hai, na mafanikio hayo yenyewe hayakuvuka sana mipaka ya Bengali. Filamu yake ya kwanza, Nagarik, ambayo aliikamilisha mwaka 1952, haikuonyeshwa kwa umma mpaka 1977, na mwenyewe alikwisha kufa. Merikebu zilizoleta bandarini kwetu nakala za sinema za Kihindi kutoka Bombay hazikuwa na sababu ya kubeba sinema za Kibengali zisizo na ngoma ya arusi mwishoni. Kwa hiyo Waswahili, ambao waliijua India ya sinema labda kuliko taifa lolote nje ya Bara Hindi, hawakupata kumjua mtu huyu. Naliona jambo hilo kuwa hasara, na sina wa kumlaumu.

Tena sinema ni kitu kinachooza. Kanda za zamani kabisa, za naitreti, zilizotumika mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, hushika moto upesi. Zilizofuata, za asetati, haziwaki kwa urahisi lakini huugua maradhi yao, ambayo watunzaji wa filamu huyatambua kwa pua kabla ya jicho, kwa kuwa kopo likifunguliwa hutoa harufu kali ya siki, na ukanda uliomo umejikunja, umenywea, na haupitiki tena katika mashine. Joto na unyevu huyaharakisha maradhi hayo, na nchi zetu zimejaliwa vyote viwili kwa wingi. India ilianzisha hifadhi yake ya taifa ya filamu, huko huko Pune, mwaka 1964, na aliyeijenga ni P. K. Nair, mtu aliyefanya kukusanya kanda kuwa ibada; lakini kwa filamu nyingi za zamani alikuwa amechelewa kabla hajaanza. Sinema iliyopendwa ilikuwa na nakala nyingi, na katika nyingi moja husalimika. Sinema ya simanzi iliyoonyeshwa wiki moja ilikuwa na nakala chache, na hizo chache zikaachwa ghalani.

Maradhi ya siki ni ya asili, na hayana nia. Lakini si hayo peke yake yanayozificha sinema. Mwaka 1972 Sarah Maldoror, mwanamke aliyezaliwa Ufaransa kwa baba wa Guadeloupe, na aliyesomea kazi ya sinema Moscow, alikwenda Congo Brazzaville kupiga filamu ya Angola, kwa sababu Angola yenyewe ilikuwa bado mikononi mwa Wareno. Aliiita Sambizanga, jina la mtaa mmoja wa Luanda, na mmoja wa walioiandika ni mumewe, Mário Pinto de Andrade, mwasisi wa MPLA. Wasomaji wa rika langu hawana haja ya kuelezwa MPLA; chama hicho cha ukombozi kilikuwa na ofisi Dar es Salaam, ambako Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikaa tangu 1963, na habari za vita vya Angola zilisomwa katika redio yetu kama habari za jirani.

Mtu angetazamia kwamba filamu iliyotengenezwa na wapigania uhuru, na kuchezwa kwa sehemu kubwa na wapigania uhuru wenyewe, itajaa bunduki na hotuba. Maldoror alichagua kumfuata Maria, mke wa dereva wa trekta aitwaye Domingos, ambaye askari wamemkamata alfajiri mwaka 1961. Maria anamfunga mtoto mgongoni na kutoka kijijini kwa miguu kumtafuta mumewe, na karibu nusu ya filamu ni kwenda kwake: barabara, kituo cha polisi, karani asiyeinua uso, kituo kingine, jela nyingine. Sisi tunajua, kwa kuwa tumeonyeshwa, kwamba Domingos anapigwa ili ataje jina la rafiki yake na kwamba hatalitaja. Maria hajui, na mwongozaji hamfupishii njia hata hatua moja. Wapo waliomlaumu wakati ule kwamba mapinduzi yanataka moto kuliko hayo. Mimi nasema kwamba aliyepata kumfuata ndugu yake kutoka dirisha la ofisi moja hadi dirisha la ofisi nyingine, na kila mahali akaambiwa arudi kesho, ataiona dhuluma ya dola katika hatua zile za Maria kwa uwazi ambao mizinga isingeweza kumpa.

Filamu hiyo ilipata Taniti ya Dhahabu katika tamasha la Carthage, Tunisia, mwaka huohuo wa 1972, na ingeweza kudhaniwa kwamba sifa hiyo itaifungulia milango. Kwa miaka mingi iliyofuata iliishi katika nakala chache zilizochujuka rangi, ikatajwa katika vitabu na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona, mpaka ilipotengenezwa upya mwaka 2021 katika mradi wa urithi wa filamu za Afrika unaoendeshwa na wakfu wa Martin Scorsese, shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika na UNESCO, huku hifadhi ya filamu ya Bologna, Italia, ikishiriki katika kazi hiyo. Maldoror alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Na wala tusidhani kwamba maskini tu ndio wanaopotelewa na filamu zao. Huko Marekani Charles Burnett, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Los Angeles, alitengeneza kwa kiasi kisichofika dola 10,000 filamu ya Killer of Sheep, habari za mtu mweusi wa mtaa wa Watts anayefanya kazi machinjioni na ambaye uchovu umemwingia mpaka hawezi kufurahi hata akitaka. Aliikamilisha mwaka 1977. Alikuwa ametia ndani yake muziki alioupenda bila ya kulipia haki zake, kama afanyavyo mwanafunzi, na kwa sababu hiyo filamu haikuweza kuonyeshwa kibiashara mpaka 2007, baada ya haki za muziki kulipiwa kiasi cha dola 150,000. Miaka 30 filamu iko kabatini, si kwa moto wala kwa siki, bali kwa nyimbo.

Niliyoiweka mwisho ni fupi kuliko zote, na ndiyo ambayo ningependa Waswahili waione kwanza. Forough Farrokhzad alikuwa mshairi wa Uajemi, nchi ambayo watu wengi wa pwani hii huihesabia nasaba na ambayo mwaka wake mpya bado unaogwa Makunduchi. Alikufa katika ajali ya gari mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 32, na filamu aliyoiongoza ni hiyo moja tu. Mwaka 1962 chama cha kuwasaidia wenye ukoma kilitaka filamu ya kuwaeleza watu habari za maradhi hayo, na Ebrahim Golestan, mwenye studio iliyopewa kazi, alimwachia yeye. Farrokhzad alikwenda Bababaghi, karibu na Tabriz, mahali walipotengwa wagonjwa, akapiga picha kwa siku 12, na akarudi na dakika 22 zilizoitwa Nyumba ni Nyeusi.

Picha ya kwanza ni ya mwanamke anayejitazama katika kioo, na kamera inamsogelea uso wake ulioharibika bila ya kukimbia na bila ya kukodoa macho. Kutoka hapo tunaingia darasani, ambako watoto wanasoma dua ya kumshukuru Mungu kwa neema zake. Tunawaona wanaume msikitini, akina mama wakipaka wanja, watoto wakicheza mpira, arusi yenye ngoma. Mwanamume mmoja anakwenda na kurudi kando ya ukuta, na sauti ya Farrokhzad inazitaja siku za juma, moja baada ya moja, kisha inaanza tena. Mwalimu anamuuliza mtoto kwa nini tumshukuru Mungu kwa kutupa baba na mama, na mtoto anajibu kwamba hajui, yeye hana hata mmoja. Anamtaka mwingine ataje vitu vibaya, naye anataja mkono, mguu, kichwa, na darasa zima linacheka. Na kicheko kile, ambacho ni cha watoto wa kawaida kabisa, ndicho kilichonishinda, kwa kuwa hadi hapo nilikuwa nimejiandaa kuwahurumia na wao hawakuwa na haja ya huruma yangu hata kidogo.

Katika filamu hiyo zimo sauti mbili. Ya kwanza ni ya mwanamume, kavu, ya kitaalamu: ukoma unatibika, ukoma hufuatana na umaskini, daktari hufanya hivi na hivi. Ya pili ni yake mshairi, akisoma maneno ya Zaburi na ya Kurani pamoja na yake mwenyewe juu ya nyuso zilezile. Wengine wangeziona sauti hizo kuwa zinagombana, ya sayansi na ya dua. Yeye aliziweka zikae nyumba moja, na kila mmoja aliyewahi kuuguza anajua kwamba hukaa. Filamu ilishinda katika tamasha la Oberhausen, Ujerumani, mwaka 1963, kisha kwa miongo mingi nakala zilizopatikana zilikuwa na doa na kukatikakatika, mpaka Bologna walipoitengeneza mwaka 2019, Golestan akiwa bado hai kuwasaidia. Alifariki 2023, baada ya kutimiza miaka 100.

Siku hizi, kwa hiyo, nyingi ya sinema nilizozitaja zimo tena duniani, na mwenye subira, kadi ya benki na intaneti isiyokatika anaweza kuzifikia. Kwa msomaji wangu limebaki zuio moja, nalo ni lugha, kwa maana maandishi ya chini ya picha huja kwa Kiingereza au Kifaransa, na mtu anayekimbizana na maandishi ya lugha ya pili hukosa nusu ya nyuso. Sisi tunayo dawa yetu kwa jambo hilo, ingawa wasomi huidharau: wale mabingwa wa kutia maneno ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, kama marehemu Lufufu kwa Tanzania na DJ Afro kwa Kenya, ambao wameifanya hadhira ya vibanda umiza vya video iwaelewe Wachina, Wahindi na Wamarekani kama watu wa mtaa wa pili. Nakiri kwamba Sambizanga itaharibika mikononi mwao, kwa kuwa kazi yao ni kuujaza ukimya na Sambizanga imejengwa kwa ukimya. Na Ghatak, aliyeupima mjeledi wake kwa sekunde, atawalaani kaburini.

Lakini Nyumba ni Nyeusi imekwisha kutengenezewa nafasi ya msimulizi tangu ilipozaliwa. Inataka wasomaji wawili tu, mwanamume asiyepandisha sauti na mwanamke anayejua kusoma, na sehemu kubwa ya maneno ya mwanamke huyo yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili zamani sana na yamo katika nyumba zetu, juu ya rafu za Waislamu na za Wakristo. Yatabaki mambo ya kuombwa ruhusa kwa wenye haki na kulipwa ujira wa wasomaji, na kuelewana nao kwamba yule mtu wa ukutani anapokwenda na kurudi wazitaje siku na wasiongeze neno. Na mwenye kibanda naye, ambaye amezoea kuuza saa mbili na nusu za ngumi kwa tikiti moja, itabidi abembelezwe akubali dakika 22, labda mchana, kabla ya mpira kuanza.